Kosa la Karatasini

Makosa ya binadamu hayalingani kwa bei. Yako ambayo mtu huyalipa kwa fedha, na yako ambayo huyalipa kwa sifa yake; yako tena ambayo hulipwa kwa kiungo cha mwili au kwa uhai, na pengine mwenye kulipa si yule aliyekosa. Katika makosa yote, rahisi kabisa ni lile linalofanyika juu ya karatasi, usiku, mbele ya swali la hesabu. Kosa hilo hugharimu wino kidogo na usingizi kidogo. Walakini wanafunzi wengi hulikimbia kama watu wakimbiavyo moto. Huazima majibu ya wenzao wakayanakili kwa mwandiko mzuri, na kwa kufanya hivyo huliweka kosa lao akiba, likawangoje mahali pengine ambapo bei yake ni kubwa.

Alikuwako Tanga fundi mmoja wa umeme ambaye habari yake yaweza kulieleza jambo hili kuliko maonyo mengi. Tanga ni mji ambao tangu siku za utawala wa Waingereza ulipata umeme wa maporomoko ya Mto Pangani, na kazi ya kutandaza nyaya majumbani ni kazi ya zamani huko. Fundi huyu hakuisomea. Aliipata kwa kumbebea mkoba fundi mwingine, kwa kumshikia ngazi, kwa kutazama na kuiga, hata siku moja naye akawa na mkoba wake na ngazi yake. Kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini alitia umeme katika nyumba za Ngamiani, Chumbageni na Makorora. Aliweza kuijua fyuzi iliyokufa kwa kuinusa, na waya uliochoka kwa kuupinda kati ya vidole viwili. Watu walimwamini, na yeye alijiamini.

Lakini zama zilibadilika, na wenye kutoa kazi kubwa wakaanza kuuliza cheti kabla ya kuuliza ujuzi. Fundi akiwa na umri wa miaka arobaini na sita akajiandikisha katika darasa la jioni, asome fizikia ya umeme na sumaku pamoja na vijana wenye umri wa wanawe. Mwalimu wao alikuwa mwanamke kijana. Desturi yake ilikuwa kuwapa kila Alhamisi maswali kumi ya kwenda kufanya nyumbani, na kuyapokea Jumatatu. Vijana walimwita mwanafunzi mwenzao huyu Mzee Fundi, na walimpenda; na kwa mapenzi hayo mmoja wao akamwazima daftari lake. Kwa majuma matatu ya kwanza Fundi aliyanakili majibu yote, akapata alama nzuri, na akajiambia kwamba hakuna hasara. Yeye umeme alikuwa akiujua kwa mikono. Hizi herufi na tarakimu zilikuwa ada tu ya kupitia mlangoni.

Juma la nne mwalimu alimwita baada ya darasa, akamfunulia daftari.

"Mzee wangu, swali hili la nne umelipata. Hebu nieleze, kwa nini hapa umegawanya kwa mraba wa umbali?"

Fundi aliitazama kazi yake kama mtu atazamaye barua aliyoandikiwa mwingine. "Ndivyo lilivyokuja, Mwalimu," akajibu.

Mwalimu hakumkemea. Alilifunga daftari, akamrudishia kwa mikono miwili. "Niwie radhi, mzee wangu. Majibu haya ni sahihi, lakini hayanionyeshi kitu juu yako. Niletee makosa yako mwenyewe, ndipo nitakapojua pa kukushika mkono."

Mtu mzima aliyeambiwa neno kama hilo na mtoto wa juzi aweza kufanya moja katika mawili: kukasirika asirudi tena, au kurudi akiwa mwingine. Fundi alikwenda nyumbani kwa miguu, ijapokuwa nauli alikuwa nayo, na njia nzima alikuwa akipima lipi kati ya hayo litamfaa. Siku ya Alhamisi alirudi. Daftari la kijana hakuliazima tena.

Swali la kwanza alilolifanya kwa kalamu yake lilikuwa la chaji mbili. Zote mbili zilikuwa chanya, moja ikiwa mara nne ya nyingine, na kati yao palikuwa na sentimita 30. Wapi mahali ambapo chaji ya tatu, ndogo sana, ikiwekwa haitasukumwa upande wowote? Kanuni ilikuwa ile aliyoipima Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb mwaka 1785: nguvu kati ya chaji mbili huongezeka kwa kuzidishwa kwa chaji hizo, na hupungua kwa mraba wa umbali ulio kati yao. Fundi aliandika mlinganyo wake polepole. Mraba wa umbali kutoka kwa chaji ndogo, ukizidishwa kwa nne, lazima uwe sawa na mraba wa umbali kutoka kwa chaji kubwa. Akaufungua, akapata majibu mawili: sentimita 10 kutoka kwa chaji ndogo upande wa kuielekea kubwa, na sentimita 30 upande wa pili, nje ya zote mbili.

Swali lilitaka mahali pamoja tu. Fundi akadhani amekosea, akafuta, akaanza tena. Alirudia mara tatu, hata jogoo wa kwanza akawika, na kila mara majibu yale mawili yalimjia yakiwa pamoja kama ndugu pacha. Mwisho aliacha tarakimu, akachora. Alichora chaji mbili, na mahali pale pawili, na katika kila mahali akatia mishale miwili kuonyesha kila chaji inasukuma kuelekea wapi. Hapo ndipo alipoona. Pale sentimita 10 mishale ilikuwa sawa kwa urefu na ilikabiliana, mmoja ukiuvunja mwingine. Pale sentimita 30 mishale ilikuwa sawa kwa urefu vilevile, lakini yote miwili ilielekea upande mmoja. Haikuvunjana, bali ilisaidiana. Mlinganyo wake ulikuwa umeuliza juu ya ukubwa tu, kwa kuwa mraba hufuta alama ya hasi na chanya. Habari ya mwelekeo haukuulizwa, nao haukuijibu. Tena aliona, bila ya kuambiwa, kwamba lau chaji moja ingalikuwa hasi mambo yangaligeuka: pale sentimita 30 pangalikuwa jibu la kweli, na pale 10 pangalikuwa pa uongo.

Jambo hili dogo lilimfurahisha kuliko alama zote alizozipata kwa kunakili. Alikuwa amejifunza kwamba hesabu hujibu lile tu lililoulizwa, na kwamba kazi ya mwenye kuuliza haimaliziki mpaka amelipeleka jibu kwenye mchoro akalitazama kama laweza kusimama.

Juma lililofuata lilimletea swali alilolicheka. Globu mbili za kizamani, za waya mwembamba unaowaka ndani ya kioo, moja ya wati 40 na nyingine ya wati 100, zote za volti 230, zimefungwa mfululizo katika njia moja ya umeme wa volti 230. Ipi itang'aa zaidi? Fundi alikuwa ameshika globu za namna hiyo kwa maelfu kabla hazijapungua madukani. Aliandika "ya wati 100," asifanye hesabu yoyote, akapita. Jumatatu mwalimu alimwekea mkasi juu ya jibu hilo.

Usiku ule ule Fundi alitwaa ubao, akapigilia holda mbili, akazifunga mfululizo, akatia globu na kuwasha. Ile ya 40 iliwaka kwa mwanga wa kadiri. Ile ya 100 ilionyesha uzi mwekundu tu, kama kaa linalokaribia kuzimika. Aliketi mbele ya ubao ule kwa muda mrefu. Kisha akachukua karatasi. Ukinzani wa globu ni mraba wa volti ugawanywe kwa wati zake. Kwa hiyo ya wati 100 ina omu 529, na ya wati 40 ina omu 1,322.5. Mkondo upitao katika mfululizo ni mmoja, nao ni karibu ampea 0.124. Mkondo ukiwa mmoja, mwenye ukinzani mkubwa ndiye apataye nguvu kubwa: wati 20 na kidogo kwa globu ndogo, na wati 8 na kidogo kwa globu kubwa. Swali lenyewe liliomba ukinzani uchukuliwe kuwa haubadiliki, ijapokuwa kwa kweli ukinzani wa waya wa globu hupanda kwa joto. Lakini hata kwa kosa hilo dogo hesabu iliushuhudia ubao, na ubao uliishuhudia hesabu. Miaka ishirini na zaidi Fundi aliisoma ile 100 juu ya kioo akidhani ni mali ya globu. Sasa alielewa kuwa ni ahadi tu, nayo hutimizwa kwa sharti la volti 230.

Mwalimu aliwasimulia wanafunzi kwamba kanuni waliyokuwa wakiitumia katika swali lile iliandikwa na mwalimu wa shule kama yeye, Mjerumani Georg Simon Ohm, katika kitabu alichokitoa mwaka 1827. Wengi wa wataalamu wa nchi yake walikipokea kwa baridi, na heshima kubwa ilimfikia mwaka 1841 tu, Royal Society ya London ilipompa nishani yake ya Copley. Aliwasimulia pia habari ya Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, aliyezaliwa mwaka 1791 na kuwa mwanagenzi wa mtu wa kujalidi vitabu. Hesabu za juu Faraday hakuzijua. Kazi yake yote ilikuwa ya mikono na macho. Mara kadhaa katika miaka ya 1820 alijaribu kuupata umeme kutoka katika sumaku asiupate. Tarehe 29 Agosti 1831 alizungushia pete ya chuma nyaya mbili zisizogusana, akaunga mmoja na betri, na mshale wa sumaku uliokuwa karibu na waya wa pili ukatikisika: mara moja alipounga, na mara nyingine alipokata. Aliyoyaona Faraday kwa mikono, Mskoti James Clerk Maxwell aliyaandika kwa hesabu katika makala yake ya mwaka 1865. Mwalimu alipomaliza alimtazama Fundi, wala hakusema zaidi. Na Fundi aliyaelewa yale ambayo hayakusemwa.

Ndipo lilipokuja swali la saba la juma la tisa.

Mchoro wake ulikuwa mwepesi mno. Umeme wa volti 230, ambao upande wake mmoja, yaani nyutro, umeungwa na ardhi. Waya wa moto unakwenda moja kwa moja mpaka kwenye globu. Kutoka kwenye globu waya unakwenda kwenye swichi. Na kutoka kwenye swichi unarudi kwenye nyutro. Swichi imezimwa. Sehemu ya kwanza iliuliza: kati ya globu na swichi kuna nukta A, je, volti kati ya nukta hiyo na ardhi ni ngapi? Sehemu ya pili: globu ikitolewa, na mtu asiye na viatu, aliyesimama juu ya sakafu iliyolowa, akiligusa lile bati la ndani ya holda lililoungwa na waya wa moto, na ukinzani wa mwili wake pamoja na sakafu ukiwa omu 2,300, mkondo upitao mwilini ni wa ampea ngapi? Sehemu ya tatu: kama fyuzi ya nyumba ni ya ampea 5, je, itakatika?

Fundi aliandika katika sehemu ya kwanza: sifuri. Akatoa na sababu, kwa kuwa sasa alikuwa amezoea kutoa sababu. Swichi imezimwa, kwa hiyo hakuna mkondo. Volti ni mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Mkondo ukiwa sifuri, volti ni sifuri. Alipogeuza ukurasa wa mwisho ambapo majibu yalipigwa chapa, aliona 230. Alitabasamu, akaandika pembeni kwa kalamu ya risasi: "Mwalimu, hapa mpiga chapa amekosea."

Lakini alikuwa amekwisha kuumwa na globu mbili, na mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Usiku wa Jumamosi alirudi kwenye swali. Aliichukua kanuni aliyoitumia, akaiuliza: volti kati ya wapi na wapi? Kanuni ile ilizungumzia ncha mbili za globu. Kama hakuna mkondo, basi kati ya ncha mbili za globu hakuna tofauti ya volti hata kidogo. Ncha ya huku na ncha ya huko ziko sawa. Na ncha ya huku imeungwa na waya wa moto wa volti 230. Basi ncha ya huko nayo ina 230, na nukta A ina 230. Sifuri yake ilikuwa ya kweli, lakini aliiweka mahali pasipo pake. Alilifikiria tangi la maji lililo juu ya dari, na bomba lililofungwa chini yake. Maji hayatiririki, lakini uzito wote wa maji uko pale pale nyuma ya koki, unangoja mkono wa kuifungua.

Alilifuta neno lake la pembeni. Kisha akainua uso kutoka kwenye karatasi, na kalamu ikamwanguka.

Miaka tisa kabla ya usiku ule, katika masika, Fundi alimtuma mwanagenzi wake, kijana wa miaka kumi na saba, kwenda kubadilisha globu ya ukutani katika ua wa nyumba moja ya Ngamiani. Nyumba hiyo alikuwa ameitia umeme yeye mwenyewe. Mvua ilikuwa imelowesha sakafu ya saruji ya uani, na kijana alivua viatu vyake vyenye matope kwa adabu ya nyumba ya watu. Globu ilikuwa imeungua zamani na kioo chake kimevunjika, kikabaki kitako cha bati ndani ya holda. Kijana alikishika kwa vidole akizungushe. Umeme ulimpiga ukamtupa nyuma, akaangukia kizingiti, mkono wake wa kulia ukavunjika. Mungu alimhifadhi asife, lakini mfupa uliunga vibaya na mkono haukunyooka tena.

Watu walipouliza sababu, Fundi alijibu kwa neno moja: kijana hakuzima swichi. Kijana alisema kuwa aliizima. Lakini globu ilikuwa mbovu, wala hapakuwa na mwanga wa kushuhudia kama swichi ilikuwa imezimwa au imewashwa. Palikuwa na neno la mwanagenzi na neno la fundi wake, na watu walijua lipi la kuamini. Kijana aliiacha kazi. Siku hizi alikuwa akiuza nazi sokoni.

Sasa Fundi aliikumbuka swichi ile ya uani, na alikumbuka siku aliyoifunga. Katika waya mbili zilizoteremka ukutani, wa nyutro ndio uliokuwa karibu zaidi na mahali pa swichi, akaukata huo akaupitisha hapo, ili kuokoa dhiraa moja ya waya. Globu iliwaka ilipoamrishwa, ikazimika ilipoamrishwa. Mwenye nyumba alifurahi, akalipa. Kwa macho na kwa mikono kazi ile haikuwa na ila, kwa sababu swichi huzima globu vilevile, iwe imekata waya wa moto au imekata nyutro. Tofauti yake haionekani katika mwanga. Ilionekana katika nukta A.

Aliendelea na sehemu ya pili, ijapokuwa mkono ulikuwa mzito. Volti 230 zigawanywe kwa omu 2,300: sehemu moja ya kumi ya ampea. Mkondo huo ni mdogo kuliko ule unaowasha globu ya wati 40; lakini ukipita katika moyo wa mtu waweza kuusimamisha. Sehemu ya tatu: ampea 5 ni mara hamsini ya mkondo ule. Fyuzi haikatiki. Fyuzi huwekwa kulinda nyaya zisiungue. Uhai wa mtu hauujui, na kwa ajili yake hutakiwa chombo kingine, kile kinachokata umeme mara tu sehemu ndogo ya mkondo inapopotelea ardhini, aghalabu kwa kipimo cha ampea 0.03. Majibu yote matatu yalilingana na ukurasa wa mwisho. Fundi hakupata kujua kabla ya usiku ule kwamba mtu aweza kupata swali zima na asifurahi.

Jumapili asubuhi alikwenda sokoni na karatasi yake imekunjwa mfukoni. Alimkuta kijana, sasa mtu mwenye mke na mtoto, akifua nazi kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mkono haujambo?"

"Haujambo, Fundi. Umenizoea."

Fundi aliketi juu ya gunia, akaikunjua karatasi gotini, akamwonyesha mchoro. Alimweleza waya wa moto, globu, swichi na nyutro, kidole chake kikifuata mstari kama alivyozoea kumfundisha zamani. Alipofika kwenye nukta A alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Siku ile uliizima swichi. Mimi niliiweka mahali pasipopasa. Kosa lilikuwa langu, nami nikakutwika wewe."

Kijana aliiweka nazi chini. Alitazama karatasi muda mrefu, ingawa hesabu zake hakuzijua. "Mwanzo nilijua kuwa niliizima," akasema. "Kisha kila mtu aliniambia sikuizima, na wewe ulikuwa fundi wangu. Mwisho niliamini. Miaka yote hii najiuliza, nilikuwa nikifikiri nini siku ile hata nikasahau."

Fundi aliomba radhi kwa maneno machache, kwa kuwa mengi yangalikuwa ya kujipunguzia mzigo mwenyewe. Kijana alimpa mkono wa kushoto. Halafu akauliza swali ambalo halikuwamo katika yale kumi: "Na ile nyumba, Fundi, bado iko vile vile?"

Kwa swali hilo Fundi hakuwa na jibu. Alikwenda Ngamiani mchana ule ule. Wenye nyumba walikuwa wengine, na watoto walikuwa wakicheza uani bila ya viatu. Aliomba ruhusa, akazima swichi, akatoa globu, akaigusisha testa yake pale ndani ya holda. Kitaa cha testa kiliwaka. Alikata umeme wa nyumba nzima, akaihamisha swichi kwenye waya wa moto, akarudisha umeme, akapima tena, na kitaa hakikuwaka. Malipo alikataa. Usiku huo alikaa na mkewe wakaandika majina ya nyumba zote walizoweza kuzikumbuka, na tangu hapo kila mwisho wa juma alizizungukia na testa yake. Nyingi zilikuwa salama. Kadhaa hazikuwa.

Jumatatu alikabidhi kazi yake ikiwa na maswali manane tu. Katika swali la saba hakukifuta kile kijisifuri cha kwanza wala sababu zake. Alikipiga mstari mmoja, na chini yake akaandika jibu la kweli. Mwalimu alimuuliza kwa nini hakuliandika upya katika ukurasa safi kama wafanyavyo wengine.

"Uliniambia nikuletee makosa yangu, Mwalimu," akajibu Fundi. "Hilo ni langu."

Mwalimu hakujua habari ya sokoni, lakini alikitazama kijisifuri kile akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampa alama za swali zima. Cheti alikipata mwaka uliofuata, na wenye kazi kubwa wakamfungulia mlango. Lakini mtu akimuuliza amepata nini katika darasa lile, cheti hakukitaja kwanza.

Yuko atakayesema kuwa fundi huyu angaliweza kufundishwa mahali pa swichi kwa dakika moja, bila ya chaji, wala milinganyo, wala majuma tisa. Hapana shaka ni kweli. Sharti lile ni la kale katika kazi hiyo, na huenda alipata kulisikia mara nyingi kwa fundi wake. Lakini sharti lililosikiwa bila ya sababu ni wepesi kuvunjwa kwa ajili ya dhiraa moja ya waya. Aliyelikosa swali la saba kwa kalamu yake mwenyewe, akashindana nalo usiku kucha, akaona kwa nini sifuri yake haikusimama, hataiweka tena swichi katika nyutro hata akilipwa. Na lau angalinakili 230 kutoka katika daftari la kijana mwenzake, jibu lingalikuwa sahihi karatasini, na watoto wa Ngamiani wangaliendelea kucheza bila ya viatu chini ya ukuta ule.

Basi mwanafunzi aketipo usiku mbele ya maswali yake kumi, na moja likamshinda, asiharakie ukurasa wa mwisho wala daftari la jirani. Aliandike kosa lake lote, kwa sababu zake zote, alitazame. Mahali pengine hatalipata kwa bei rahisi kama hiyo.